normalizePath inanirudishia njia ile ile niliyoipa, tena usiku tu

#1 Jogoo la Shamba

Wakuu, salamu. Naenda moja kwa moja kwenye shida.

Nipo Kariakoo, ofisi ya jumla ya vipuri vya bodaboda. Kati ya kazi zangu kuna ripoti ya mauzo ya kila siku, ambayo bosi anataka aikute kwenye simu kabla hajanywa chai. Nimeiandika kwa R, lugha ya programu ya takwimu. Mchana nikiiendesha kwenye mashine yangu ya Windows inateleza kama maji. Usiku inaendeshwa na seva ndogo ya Ubuntu (Linux) tuliyoiweka stoo, kwa cron, kile kipangaji kinachoendesha kazi zenyewe kwa saa uliyoiwekea.

Ndani ya skripti kuna mstari huu:

`njia <- normalizePath("data/mauzo.csv", mustWork = FALSE)`

Mchana napata njia kamili, kuanzia C: mpaka jina la faili. Saa 8 usiku logi ya seva inaniandikia "data/mauzo.csv". Vilevile nilivyoiandika, haijaongezwa hata nukta. Mbele kidogo skripti inahamia folda ya matokeo, kwa hiyo inaenda kutafuta data ndani ya matokeo, haikuti kitu, inakufa.

Na si kila usiku. Wiki iliyopita Jumatatu na Jumanne iligoma, Jumatano ikapita, Alhamisi ikagoma tena. Mimi sijagusa kitu.

Sasa kazi ya hii fanksheni si kugeuza njia fupi iwe kamili? Inanirudishiaje nilichoipa?

#2 Kitunguu Maji

Nimetandika mkeka hapa. Wataalamu wakija mniamshe.

#3 FundiSeva

Hili nimelijibu mara mia. Cron haijui folda yako. Inaanzia nyumbani kwa mtumiaji, yaani kama mtumiaji ni ripoti basi inaanzia /home/ripoti. Wewe mchana uko RStudio (programu ya kuandikia R), umefungua mradi, na RStudio imeshakuweka kwenye folda ya mradi bila kukuambia. Usiku hakuna wa kukuweka. Rscript haihamii kwenye folda ya skripti, inabaki pale ilipoitiwa.

Weka `cd` (amri ya kuhamia folda) kwenye mstari wa cron, kalale.

#4 Mzee Terminali

#3 amesema kweli lakini amejibu swali lingine. Mtu hajauliza kwa nini faili halikupatikana. Ameuliza kwa nini njia haikugeuka. Hata cron ingeanzia /home/ripoti, angetegemea apate /home/ripoti/data/mauzo.csv. Njia mbovu, lakini kamili. Yeye kapata ile ile.

Ni hivi. Kwenye Linux, normalizePath inamuuliza mfumo wenyewe kupitia realpath. Realpath hutembea kwenye diski kipande kwa kipande: data ipo? mauzo.csv ipo? Ikigonga ukuta popote inarudi mikono mitupu. R nayo ikiona hivyo inakurudishia maandishi yako kama yalivyo. Windows ina tabia nyingine: inaunganisha njia yako na folda uliyopo, kisha inakupa njia kamili hata kama hilo faili halijazaliwa.

Maelezo ya R yenyewe yanasema wazi kwamba njia isiyokuwepo, jibu linategemea mfumo. Kwa hiyo fanksheni haijakudanganya. Imekwambia "sikioni hicho kitu", ila wewe umeiziba mdomo kwa mustWork = FALSE. Ungeacha bila kuandika chochote ungepata onyo. Ungeweka TRUE ingesimama palepale na kosa.

#5 Jogoo la Shamba

Mzee Terminali shikamoo. Hapo kwenye kuziba mdomo umenikamata, niliweka FALSE kwa sababu maonyo mekundu yalikuwa yananikera.

FundiSeva, `cd` ipo mkuu. Mstari wenyewe:

`0 23 * * * cd /srv/ripoti && Rscript mauzo.R`

Na data ipo ndani ya /srv/ripoti. Nimeiona kwa macho yangu asubuhi.

#6 Dada Takwimu

Naongezea alichosema Mzee kwa ajili ya wanaosoma kimyakimya, maana najua mko wengi.

Mtu akikwambia "shuka Mnazi Mmoja", unakwenda? Inategemea umesimama wapi. Ukiwa Dar unashuka pale karibu na Kariakoo. Ukiwa Unguja kuna Mnazi Mmoja nyingine kabisa, na ina hospitali yake. Jina ni moja, mwanzo tofauti. "data/mauzo.csv" ni hivyo hivyo. Njia kamili ni kama zile anwani za makazi tulizobandikiwa milangoni mwaka 2022 kabla ya Sensa: popote ulipo duniani, nyumba ni ile ile.

Sasa normalizePath ya Linux ni kama karani anayegoma kuandika anwani mpaka afike mlangoni aione nyumba. Ya Windows inakuandikia anwani ya kiwanja ambacho hata msingi hakijachimbwa.

#7 Shombo la Feri

Hizo njia fupi Waingereza wanaziita relative path. Kuna mwalimu wangu alikuwa anaziita "njia ya jamaa". Darasa zima tukabaki tunaulizana, jamaa yupi?

#8 Kitunguu Maji

Jamaa wa Manzese. Ukipotea unampigia.

#9 Mwanafunzi Aliyechoka

Afadhali yenu. Mimi msimamizi wangu wa utafiti alinitumia skripti yake, mstari wa kwanza `setwd("C:\Users\...` na jina lake, yaani amri ya R ya kuhamia folda. Kwanza R ikakataa hata kuusoma, inalalamikia \U. Nikahangaika siku mbili nikidhani R yangu imeharibika. Nilipomuuliza akasema "kwangu inafanya kazi".

#10 Mzee Terminali

#9 hapo alikuwa hajawahi kuiendesha alichokutumia. Ndani ya alama za kunukuu, mkwaju wa nyuma kwa R ni mwanzo wa amri maalumu. \n ni mstari mpya, \t ni nafasi ya kichupo, na \U inategemea namba za herufi zifuate. Ikikuta "sers" inagoma. Andika mikwaju miwili miwili, au tumia mkwaju wa mbele tu, Windows inauelewa bila tatizo. Na tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020 unaweza kuandika r"(C:\Users\wewe)" ikasomwa kama ilivyo, ukabandika njia kutoka Windows bila kugusa kitu.

#11 Shombo la Feri

Mikwaju tena? Mimi nilijua mikwaju ni ya penalti. Nimeingia uzi huu nikitafuta matokeo.

#12 Dada Takwimu

Kwa #9: hilo la setwd ni ugonjwa wa dunia nzima. Jenny Bryan, aliyekuwa kampuni ya RStudio wakati huo, aliandika mwaka 2017 kwamba akikuta skripti inayoanza na setwd ya njia aliyonayo mwandishi peke yake, atakuja ofisini aichome moto kompyuta. Ndipo watu wengi wakahamia kwenye pakeji ya here. Hiyo inapanda folda moja baada ya nyingine kwenda juu mpaka ikute alama ya mradi, kwa mfano faili la .Rproj au folda ya .git, halafu inahesabu njia zote kutoka hapo.

Jogoo, ungetumia here huu uzi usingekuwepo.

#13 FundiSeva

Pole pole dada. here inaanza kupanda kutoka kwenye folda ya kazi. Cron ikianzia nyumbani, here itapanda kutoka nyumbani, haikuti mradi, itajiridhisha na pale ilipo. Nimeshaona kwa macho yangu kwenye mradi mmoja wa takwimu za afya, ripoti ya mkoa ilikuwa inaandikwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtu aliyeacha kazi. Miezi mitatu hakuna aliyejua.

#14 Dada Takwimu

Lakini yeye ameshasema `cd` ipo. Basi here ingeanzia /srv/ripoti. Soma #5.

#15 FundiSeva

Nimesoma. Nilikuwa nazungumzia wengine.

#16 Nyoka wa Ilala

Hamieni Python tupumzike. os.path.abspath haina maswali, unampa njia anakupa kamili, iwe Linux iwe Windows, faili liwepo lisiwepo. R mmeng'ang'ania lugha ya Waaustralia wa miaka ya sabini.

#17 Mzee Terminali

Nyoka, kwanza ni New Zealand. Ross Ihaka na Robert Gentleman, Chuo Kikuu cha Auckland, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ya miaka ya sabini ni S, ya maabara ya Bell, Marekani, ndiyo R iliyorithi.

Pili, hiyo abspath haiulizi maswali kwa sababu haiendi popote. Inacheza na maandishi tu: inachukua folda uliyopo, inabandika njia yako, inafuta nukta mbili na folda iliyotangulia. Hapo ndipo penye mtego. Chukulia /srv/ripoti/data ni simlinki, yaani ni jina tu, folda yenyewe iko /mnt/duka/data. Ukiandika data/../bei.csv, abspath itakwambia /srv/ripoti/bei.csv. Ukifungua faili kwa njia ile ile, mfumo utafuata simlinki kwanza ndipo urudi nyuma, utafika /mnt/duka/bei.csv. Mafaili mawili tofauti. Hiyo ndiyo bei ya kutouliza maswali.

Ukitaka tabia hiyo ndani ya R ipo, pakeji ya fs ina path_abs inayocheza na maandishi, na path_real inayoenda mpaka diskini. Majina mawili, kazi mbili, kila mtu anajua anachokipata.

#18 Nyoka wa Ilala

Kwa hiyo hata R mnahitaji pakeji ya kando. Nimemaliza.

#19 Kitunguu Maji

R ina siku ya kuzaliwa kila miaka minne? Ndiyo maana haikui.

#20 Dada Takwimu

Simlinki kwa lugha ya Dar: kondakta anapiga kelele "Flyover ya Tazara!", na abiria wote wanajua pa kushuka. Jina lake rasmi ni Mfugale. normalizePath ndiyo yule anayekuandikia Mfugale hata kama wewe umesema Tazara.

#21 Muuza Mtandao

Ndiyo zile "njia za mkato" za Windows zenye mshale mdogo kwenye picha, siyo?

#22 FundiSeva

Siyo. Ile yenye mshale ni faili la kawaida la .lnk, ambalo linaeleweka na ganda la Windows tu. R ukiipa njia inayopita kwenye hiyo itakuona umechanganyikiwa. Simlinki ni ya mfumo wa mafaili wenyewe, programu hata haijui kama imepitishwa mlango wa pembeni.

#23 BintiKigamboni

Mimi yangu ilikuwa ile alama ya wimbi, ~. Nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya kivuko, nikafungua mashine nimalizie kazi kulekule garini. Skripti inasoma "~/takwimu/kaya.csv". Ofisini kwenye Linux ~ ni /home/ na jina langu. Kwenye Windows yangu, R ikatafsiri ~ kuwa folda ya Documents, siyo C:/Users/ na jina langu kama nilivyodhani. Tena Documents yenyewe ilikuwa imeshahamishiwa OneDrive bila mimi kujua, kwa hiyo ~ yangu ilikuwa ndani ya OneDrive. Na hapo kivukoni intaneti inakuja na kuondoka.

Nilipojaribu njia ya nyumbani kwa pakeji ya fs ikanipa jibu jingine, C:/Users. Kwa hiyo ndani ya R moja nilikuwa na nyumba mbili.

#24 Shombo la Feri

Nyumba mbili Kigamboni na wewe unalia?

#25 BintiKigamboni

Zote za kupanga 😂

#26 Mtumiaji wa Tufaha

Kwenye Mac nako kuna vituko. /tmp ni simlinki, yenyewe ni /private/tmp. Nilikuwa nalinganisha njia mbili kwa alama ya ==, moja nimeipitisha kwenye normalizePath na nyingine sijaipitisha. Faili ni lile lile, R inasema FALSE. Tangu siku ile kama nalinganisha, napitisha zote mbili au sipitishi hata moja.

#27 Mstaafu wa Stata

Sisi tulikuwa tunaandika cd juu kabisa ya faili, tunasahau. Sijui mnahangaika na nini.

#28 Mwanafunzi Aliyechoka

Mzee wangu shikamoo, kumbe msimamizi wangu ni wewe?

#29 Herufi Kubwa

Jogoo, nitazame hapa. Jina la faili kwenye seva ni mauzo.csv au Mauzo.csv? Windows haijali, Linux inajali mno. Muuzaji wenu akihifadhi leo kwa herufi ndogo na kesho kwa kubwa, utapata hicho hicho unachoeleza: usiku mmoja inapita, usiku mwingine inagoma. Nakuwekea dau la soda.

#30 FundiSeva

Mimi nasema ruhusa. Realpath ikipita kwenye folda ambayo mtumiaji wa cron hana ruhusa ya kuipita, inashindwa vilevile kama faili halipo, na R itakurudishia maandishi yako. Wewe asubuhi unaingia kwa jina lako lenye mamlaka yote, unaliona faili, unashangaa. Endesha `ls -ld` kwa folda zote kuanzia /srv kushuka.

#31 Jogoo la Shamba

Wakuu nimerudi, jana kulikuwa na kazi. Nimeongeza mistari ya kuchapisha kwenye logi. Majibu:

getwd usiku inasema /srv/ripoti. Kwa hiyo folda ya kazi iko sawa.

Ruhusa ziko sawa, nimeingia kama mtumiaji wa cron nikasoma faili.

Herufi ni ndogo zote, Herufi Kubwa unanidai soda au mimi nakudai?

Halafu naomba radhi, kuna vitu nilivifupisha kwenye #1 ili uzi usiwe mrefu. Jina la faili si mauzo.csv tupu, lina tarehe:

`f <- paste0("data/mauzo_", Sys.Date(), ".csv")`

Na data si folda ya seva hasa. Ni folda ya mashine ya dukani, Windows, tumeipachika kwenye seva kwa mtandao wa ndani.

#32 Mzee Terminali

Mgonjwa amelazwa siku mbili, amepimwa mkojo, amepimwa makohozi, leo ndiyo anasema alianguka kwenye mwembe.

#33 Kitunguu Maji

😂😂😂 Uzi uanze upya.

#34 Mwanafunzi Aliyechoka

Subirini. Jogoo, kwenye #5 cron yako inasema 23. Hiyo ni saa 5 usiku. Mbona logi uliyotaja kwenye #1 ni ya saa 8 usiku?

#35 Jogoo la Shamba

Mwanzoni niliandika 8 nikijua ni saa 8 usiku. Ripoti ikawa inakuja saa 5 asubuhi, bosi ameshakunywa chai na ameshanigombeza. Nikawa najaribu namba, 23 ndiyo ikaangukia saa 8 usiku. Nikaiacha.

#36 Mwanafunzi Aliyechoka

Basi seva yako iko saa za UTC, saa tatu nyuma yetu. 8 ya UTC ni saa 5 asubuhi Dar. 23 ya UTC ni saa 8 usiku Dar ya siku inayofuata. Maana yake Sys.Date kwenye seva inaposoma, sisi tumeshaingia Jumatano, yenyewe bado inasema Jumanne. Inatafuta faili la tarehe ya jana. Halipo, realpath inarudi mikono mitupu, unapewa maandishi yako. Kesi imefungwa.

#37 Dada Takwimu

Nzuri sana, lakini irudie taratibu. Saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano anataka mauzo ya siku gani? Ya Jumanne. Faili la Jumanne lina tarehe ya Jumanne. Seva inasema Jumanne. Kwa hiyo kosa la saa linamsaidia! Siku akirekebisha saa za seva na cron ikabaki kuendeshwa saa 8 usiku ndiyo itaanza kugoma kila usiku.

#38 Mwanafunzi Aliyechoka

Daah. Sawa. Isipokuwa muuzaji akifunga hesabu baada ya saa 6 usiku. Hapo faili la Jumanne litapewa tarehe ya Jumatano na seva hailioni. Na hiyo ingeeleza kwa nini si kila usiku.

#39 Jogoo la Shamba

Nimemuuliza muuzaji, anasema hajawahi kupita saa 4 usiku, ana watoto. Na nimeangalia faili la Jumatatu iliyogoma, limeandikwa saa 2 usiku, tarehe sahihi.

#40 Fundi Umeme wa Temeke

Mimi si mtu wa R ila nimefuatilia. Mashine ya dukani inazimwa saa ngapi?

#41 Jogoo la Shamba

Haizimwi. Ila mama anayefunga duka huwa anazima soketi za ukutani, anaogopa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Zote au baadhi, sijui.

#42 Fundi Umeme wa Temeke

Asante. Mimi nimemaliza kazi.

#43 FundiSeva

Mashine ikizimwa, folda iliyopachikwa inakatika. realpath ikigusa hapo inapata kosa. Soketi ikiachwa wazi ripoti inapita. Jumatano mama alisahau.

#44 Jogoo la Shamba

Nilidhani hivyo pia. Ila usiku ule ule ulioshindwa, skripti ilisoma data/bei.csv kutoka folda ile ile, dakika hiyo hiyo, bila shida. Mashine ingekuwa imezimwa ingesomaje?

#45 Mzee Terminali

Sasa hapo ndipo panapofurahisha. Jogoo, kabla hamjapachika folda ya duka pale /srv/ripoti/data, hiyo data ilikuwa tupu?

#46 Jogoo la Shamba

Mwezi wa kwanza nilikuwa nakopi kwa flashi. Niliweka bei.csv humo na mafaili machache ya majaribio.

#47 Mzee Terminali

Ukipachika folda juu ya folda, ya chini haifutwi, inafunikwa tu, kama zulia juu ya mkeka. Zulia likiondoka, mkeka uko palepale na vitu vyake. Inawezekana usiku huo seva ilikuwa inasoma bei.csv ya zamani, ya flashi. Maana yake sio tu kwamba mauzo hayakupatikana, hata bei ulizotumia zinaweza kuwa za mwezi wa kwanza.

Weka `findmnt /srv/ripoti/data` kwenye mstari wa cron kabla ya Rscript, itakwambia zulia lipo au halipo.

#48 FundiSeva

Mzee, lakini folda ya mtandao ikikatika mara nyingi haiondoki yenyewe. Inabaki imening'inia na kila anayeigusa anapata kosa au anasubiri. Mkeka hauonekani mpaka kuna aliyeliondoa zulia au seva yenyewe iliwashwa upya na ikashindwa kupachika.

#49 Mzee Terminali

Na seva iko soketi gani?

#50 Jogoo la Shamba

...stoo. Ngoja nimuulize mama.

#51 BintiKigamboni

Wakati mnamsubiri mama, mtu anipe jibu la swali la kwanza kabisa. Nikitaka njia kamili ya faili ambalo bado halipo, kwa mfano nataka kuliandika, bila pakeji yoyote?

#52 Mzee Terminali

Geuza folda, kisha bandika jina:

`file.path(normalizePath(dirname(f)), basename(f))`

Folda lazima iwepo, faili si lazima. Kuwa makini tu, file.path haina akili, inaunganisha kwa mkwaju na basi. Ukiipa vipande viwili ambavyo cha pili kimeanza na mkwaju utapata mikwaju miwili katikati. Wa Python wanaitegemea ifute cha kwanza, haifuti.

#53 Dada Takwimu

Mimi natumia tools::file_path_as_absolute. Inakuja na R yenyewe, faili lisipokuwepo inasimama na kosa. Kwa faili la kusoma naona ni bora kuliko kubahatisha. Ife mapema.

#54 Jogoo la Shamba

Ikifa mapema bosi anakosa ripoti mapema.

#55 Dada Takwimu

Ikiendelea anapata ripoti yenye bei za mwezi wa kwanza. Wewe unachagua.

#56 Mwanafunzi Aliyechoka

Mimi bado nipo na tarehe. Jogoo, chapisha Sys.time na Sys.timezone kwenye logi.

#57 Herufi Kubwa

Na mimi bado nipo na jina la faili. Angalia kama muuzaji hajaacha nafasi kabla ya nukta, "mauzo_2 .csv". Kwa macho huioni. Tumia list.files uone alama za kunukuu zinafungia wapi.

#58 Jogoo la Shamba

Ripoti ya jana usiku imepita. Njia kamili kutoka mwanzo mpaka mwisho, /srv/ripoti/data/ na faili lake. findmnt inasema folda imepachikwa, Sys.timezone inasema UTC, jina halina nafasi. Nilichobadilisha ni hiyo mistari ya kuchapisha peke yake.

Mama anasema yeye anazima soketi zote isipokuwa ya friji. Jana hakuzima kwa sababu alikuwa anachaji simu.

#59 FundiSeva

Nilisema.

#60 Mzee Terminali

Hujasema. Seva nayo ingezima, na seva ikizima cron haiendeshi kitu, logi isingekuwepo kabisa. Soma #1, logi ipo.

#61 Fundi Umeme wa Temeke

Labda seva iko soketi ya friji.

#62 Kitunguu Maji

Vipuri vya bodaboda, friji ya nini?

#63 Jogoo la Shamba

Ya soda. Herufi Kubwa, ile yako ipo humo inakusubiri. Leo usiku nitaacha logi tena, kesho asubuhi naibandika hapa.